Lise Meitner: Profesa Aliyeingilia Mlango wa Nyuma

Kila aliyesoma fizikia hadi chuo kikuu amekutana na mpasuko wa kiini cha atomi. Ameuchora kwenye daftari, ameandika mlinganyo wake kwenye pepa, na wengine wetu tumeukariri kutoka kwenye desa usiku wa manane bila kujiuliza lolote. Sasa jaribu kuuliza pale kimbweta: nani aliyeugundua? Mwenye kumbukumbu nzuri atakutajia Otto Hahn, kwa kuwa ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel. Akitokea wa kumtaja Lise Meitner, ataongeza kwamba huyo alikuwa msaidizi wa Hahn maabara.

Si kweli. Meitner hakuwa msaidizi wa Hahn hata siku moja. Alikuwa mkuu wa idara ya fizikia kwenye taasisi ileile, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia nchini Ujerumani, na ndiye aliyekaa juu ya gogo katikati ya theluji, mkimbizi asiye na maabara, akakokotoa kwenye vipande vya karatasi nishati inayotoka pale kiini cha uraniamu kinapopasuka. Alifikaje kwenye gogo lile, na jina lake lilipotelea wapi, ndiyo habari ya makala haya.

Alizaliwa Vienna, Austria, Novemba 1878, mtoto wa tatu kati ya wanane. Baba yake, Philipp Meitner, alikuwa mwanasheria, miongoni mwa Wayahudi wa mwanzo kuruhusiwa kufanya kazi hiyo nchini humo. Nyumba yao ilijaa vitabu, muziki na wageni waliokuja kubishana siasa, na watoto hawakufukuzwa kwenda kulala, walikaa wakasikiliza. Familia ilikuwa na hadithi yake kuhusu Lise. Bibi yake alimwonya asishike sindano siku ya Sabato, eti mbingu zingeanguka. Mtoto akaamua kupima. Akagusisha ncha ya sindano kwenye kitambaa, akatazama juu. Kimya. Akapitisha mshono mmoja, akatazama tena. Mbingu ziko palepale. Basi akaendelea kutarizi. Huenda hadithi imeongezwa chumvi kadiri ilivyosimuliwa, lakini anayejua alivyofanya kazi baadaye hatashangaa: hatua ndogo, tazama, hatua nyingine, tazama tena.

Akiwa na miaka minane alikuwa na daftari aliloficha chini ya mto, humo akiandika mambo aliyoyachunguza. Kilichomvuta zaidi ni rangi za mafuta yanayoelea juu ya maji. Hata wewe umeziona, kwenye dimbwi mbele ya gereji baada ya mvua: zambarau, kijani, dhahabu, zinahamahama ukisogea. Mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Utando wake ni mwembamba kiasi kwamba mwanga unaorudishwa na uso wa juu hukutana na ule unaorudishwa na uso wa chini, rangi nyingine zikafutana, nyingine zikapeana nguvu. Wengi tunaruka dimbwi tunaenda zetu. Yule binti alitaka kujua kwa nini.

Shida ni kwamba serikali ya Austria haikuwa na mpango wa kumjibu. Siku zile elimu ya msichana iliishia miaka 14. Mvulana aliendelea na sekondari ya miaka minane iliyompeleka chuo kikuu. Msichana alirudi nyumbani kusubiri mchumba. Lise akasomea ualimu wa Kifaransa, ajira pekee ya maana iliyokuwa wazi kwake, ingawa Kifaransa hakikuwa kiu yake. Mwaka 1897 wanawake wakaruhusiwa kuingia chuo kikuu, ila kwa sharti la kufaulu mtihani uleule wa wavulana, ambao shule za wasichana hazikuwahi kuwaandaa nao. Baba akamlipia mwalimu wa nyumbani. Yeye na wenzake wachache wakabana masomo ya miaka minane ndani ya kama miaka miwili. Ndugu zake walimtania kwamba akivuka chumba bila kitabu mkononi, basi atafeli. Mwaka 1901 waliingia kwenye chumba cha mtihani wasichana 14. Walifaulu wanne, naye akiwemo. Alipoanza mwaka wa kwanza alikuwa anakaribia miaka 23, umri ambao wengi wetu tunavaa joho.

Kule chuoni alikutana na mtu aliyembadilisha: Ludwig Boltzmann. Boltzmann aliamini kwamba atomi zipo kwelikweli, wakati ambapo Ernst Mach, mkubwa mwingine wa fizikia katika mji uleule wa Vienna, alisema atomi ni dhana ya kurahisishia hesabu tu. Alifundisha kama mtu anayepigania jambo, bila kuwaficha wanafunzi mashaka yake, na mlangoni mwake hakubagua wasichana. Meitner alimkumbuka kwa maneno ya upendo hadi uzeeni. Mimi nadhani hapa ndipo alipojifunza ualimu: lekcha ya Boltzmann haikumpa majibu mengi kuliko vitabu, ilimpa hamu ya kubaki kwenye swali. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1906, mwanamke wa pili kuipata kwenye fizikia katika chuo kile, kwa utafiti juu ya upitishaji joto. Mwaka huohuo Boltzmann, aliyesumbuliwa na sonona kwa miaka mingi, akajitoa uhai.

Meitner akabaki na shahada kubwa na hana kazi. Aliomba nafasi kwa Marie Curie kule Paris, haikupatikana. Mchana alifundisha kwenye shule ya wasichana, jioni akipima unururifu maabara. Mwaka 1907 akamwomba baba yake posho kidogo aende Berlin kumsikiliza Max Planck. Alitarajia kukaa mihula michache. Alikaa miaka 31.

Berlin ilimpokea kwa ubaridi. Vyuo vikuu vya Prussia vilikuwa bado havisajili wanawake. Vilifungua milango mwaka 1908. Planck mwenyewe aliwahi kuandika kwamba mwanamke mwenye kipaji cha fizikia ni jambo la nadra na haifai kujenga utaratibu juu ya jambo la nadra. Lakini alimruhusu kuhudhuria, na baada ya muda akawa mlezi wake. Alichokosa Meitner ni maabara. Ndipo akakutana na Otto Hahn, mkemia kijana, wamepishana miezi minne tu, aliyetafuta mwanafizikia wa kushirikiana naye kwenye unururifu. Walifaana sana: mmoja anatenganisha dutu kwa kemia, mwingine anapima mnururisho na kueleza maana yake.

Hahn alikuwa kwenye taasisi ya kemia ya Emil Fischer, na Fischer hakutaka wanawake kwenye jengo lake. Baada ya kubembelezwa akakubali kwa masharti. Meitner angefanya kazi kwenye chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, chenye mlango wake wa nje, na asionekane juu kunakofundishwa wanafunzi. Kama Hahn ana jaribio ghorofani, mwenzake hawezi kupanda kulitazama. Na choo? Hakukuwa na choo cha wanawake. Daktari wa falsafa katika fizikia alitoka nje, akavuka mtaa, akaenda kutumia choo cha mgahawa. Mshahara: sifuri. Hali hiyo ilidumu hadi 1909, sheria ilipobadilika na choo kikajengwa.

Mwishoni mwa 1908 Ernest Rutherford, aliyekuwa ametoka kuchukua Nobel yake, alipita Berlin. Alikuwa amesoma makala za Meitner na akashangaa kukuta mwandishi ni mwanamke. Na pamoja na mshangao huo, siku ile Hahn ndiye aliyekaa na Rutherford kuongea fizikia. Meitner alimsindikiza mke wa mgeni kununua zawadi za Krismasi.

Mwaka 1912, akiwa na miaka 33, alipata mshahara wake wa kwanza wa chuo kikuu: Planck alimwajiri kuwa msaidizi wake, kazi yenyewe ikiwa kusahihisha kazi za wanafunzi. Mwaka huohuo Hahn alihamia taasisi mpya ya kemia ya Kaiser Wilhelm pale Dahlem, nje kidogo ya jiji, akiwa na cheo na mshahara. Meitner alihamia naye akiwa mgeni asiyelipwa. Maabara ileile, majaribio yaleyale, majina mawili juu ya makala. Mwaka uliofuata naye akapewa cheo.

Vita vya Kwanza vilipoanza, Meitner alijitolea kupiga picha za eksrei kwenye hospitali za jeshi la Austria, akaona maumivu ambayo hakuyasahau. Aliporudi alipewa idara yake ya fizikia mwaka 1917. Hahn alikuwa bado jeshini, hivyo utafutaji wa elementi namba 91 ulimwangukia yeye. Aliikamilisha kazi karibu peke yake, na mwaka 1918 wakatangaza protaktiniamu. Jina lililotangulia kwenye makala ni la Hahn. Yeye ndiye aliyeliweka hapo, kwa uungwana. Nikisoma habari hii huwa nawaza wale wenzetu wanaofanya projekti nzima, halafu kwenye chapisho wanatokea mstari wa tatu, kama wametokea.

Miaka ya 1920 ndiyo ilikuwa mizuri kwake. Mwaka 1922 alipata haki ya kufundisha chuo kikuu na akatoa lekcha ya kwanza juu ya nafasi ya unururifu katika mambo ya ulimwengu na nyota. Gazeti moja likaripoti kwamba bibie amezungumzia fizikia ya vipodozi. Kwa Kijerumani maneno hayo mawili hufanana, lakini mwandishi hangemkosea mwanamume namna hiyo. Mwaka 1926 akawa profesa. Kwenye semina ya kila wiki ya Berlin alikaa mstari wa mbele pamoja na Planck, Einstein na Max von Laue. Mwaka 1922 alieleza namna atomi inavyoweza kutoa elektroni badala ya mwanga pale nafasi ya ndani inapojazwa. Mwaka mmoja baadaye Mfaransa Pierre Auger akalifikia jambo lilelile kivyake, na leo linaitwa kwa jina la Auger.

Kwa wanafunzi wake alikuwa mkali hasa juu ya usafi. Chembe kidogo ya dutu nururifu ikigusa kitasa cha mlango, vipimo vya jengo zima vinaharibika. Basi kando ya simu na vitasa kulining'inizwa karatasi za chooni za kushikia, na watu hawakupeana mikono. Inachekesha, lakini kwa sababu ya ukali ule maabara ile iliweza kupima mnururisho dhaifu kabisa hata baada ya miaka zaidi ya 20 ya matumizi. Bila hivyo, kilichofuata kisingeonekana.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Meitner alikuwa amebatizwa Mkristo tangu 1908, lakini kwa sheria za Wanazi alihesabiwa Myahudi. Alinyang'anywa haki ya kufundisha. Einstein aliondoka, wengine wakafukuzwa, na mpwa wake Otto Frisch, mwanafizikia pia, akapoteza kazi kule Hamburg. Yeye alibaki. Uraia wake wa Austria ulimkinga, taasisi haikuwa mali ya serikali moja kwa moja, na idara ile alikuwa ameijenga kwa mikono yake. Baadaye alijilaumu waziwazi kwa kubaki: aliandika kwamba haukuwa ujinga tu, lilikuwa kosa. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo, na wenzake wengi waliobaki hawakusema.

Kazi iliyomshika wakati huo ilianzia Roma. Mwaka 1934 Enrico Fermi alipiga uraniamu kwa nyutroni, akapata dutu mpya asizozielewa. Kila mtu alidhani ni elementi nzito kuliko uraniamu. Meitner akamshawishi Hahn warudi kufanya kazi pamoja, wakamwongeza mkemia kijana Fritz Strassmann, aliyekuwa amejinyima ajira nyingine kwa kukataa kujiunga na vyama vya Kinazi. Kwa miaka minne walifuata njia isiyo sahihi. Mkemia Ida Noddack alikuwa ameandika mwaka 1934 kwamba huenda kiini kinavunjika vipande vikubwa, nao, kama dunia nzima, wakampuuza. Si Meitner tu aliyewahi kutosikilizwa.

Machi 1938 Hitler aliimeza Austria, na pasipoti ya Meitner ikawa karatasi tu. Mkemia mmoja wa taasisi ileile alikuwa akisema wazi kwamba Myahudi huyu anahatarisha jengo. Maombi ya kusafiri kihalali yakakataliwa, na habari zikafika kwamba wanasayansi watazuiwa kabisa kutoka. Mholanzi Dirk Coster akaja Berlin kumchukua. Tarehe 12 Julai Meitner alikwenda kazini kama kawaida, akakaa mpaka saa mbili usiku akisahihisha makala ya mtafiti kijana. Akapewa saa moja na nusu ya kufungasha: masanduku mawili madogo, marki 10 kwenye pochi. Alilala kwa Hahn. Asubuhi Hahn akampa pete ya almasi ya marehemu mama yake, endapo atahitaji kuhonga askari wa mpakani. Treni ikavuka kuingia Uholanzi bila pete kutumika. Alikuwa na miaka 59, na hakuwa na nchi.

Kutoka Uholanzi alikwenda Stockholm, Uswidi, kwenye taasisi ya Manne Siegbahn. Alipewa mahali pa kukaa, basi: vifaa hana, wasaidizi hana, mshahara mdogo. Kilichobaki ni barua, na kati ya Berlin na Stockholm zilikwenda na kurudi karibu kila siku mbili tatu. Novemba, kwa siri, alikutana na Hahn Copenhagen. Hahn alimweleza kwamba wamepata kitu kama radiamu kwenye uraniamu iliyopigwa nyutroni. Meitner akasema kifizikia haiingii akilini, rudini mkapime upya. Strassmann alikuja kusimulia kwamba neno lake lilikuwa na uzito kiasi kwamba walianza kupima mara moja, na kwamba yeye ndiye aliyeendelea kuwa kiongozi wa fikra wa kundi lao hata akiwa mbali.

Walipopima, ile radiamu haikukubali kujitenga na bariamu. Ilikuwa ni bariamu yenyewe! Tarehe 19 Desemba Hahn akamwandikia Meitner akiomba maelezo, kwa kuwa yeye kama mkemia aliona matokeo yasiyowezekana. Uraniamu ni elementi ya 92, bariamu ni ya 56. Mpaka siku ile kilichojulikana ni kwamba kiini hutoa makombo: hupoteza protoni mbili, hushuka ngazi mbili. Kushuka ngazi 36 kwa kishindo cha nyutroni moja ni sawa na kurusha kokoto kwenye ghorofa, ghorofa likakatika nusu kwa nusu.

Krismasi ile Meitner alikuwa amealikwa na rafiki katika mji mdogo wa Kungälv, na Frisch akaja kutoka Copenhagen kumwona shangazi yake. Alimkuta na barua. Frisch alisema Hahn amekosea. Shangazi akajibu kwamba Hahn hakosei kemia ya namna hiyo. Wakatoka kutembea kwenye theluji, Frisch kwa ski, Meitner kwa miguu na bila kubaki nyuma. Wakafika kwenye gogo, wakakaa, wakatoa karatasi.

Niels Bohr alikuwa amefundisha kukitazama kiini kama tone la maji. Tone hushikamana kwa mvutano wa uso wake. Lakini kiini kina protoni, zote zenye chaji chanya, nazo zinasukumana. Katika uraniamu zimo 92, msukumano ni mkubwa kiasi cha karibu kuufuta ule mvutano. Hivyo kiini cha uraniamu ni tone linaloyumbayumba, tayari kubonyea katikati. Nyutroni moja ikiligusa, linarefuka, linakuwa na kiuno, linagawanyika matone mawili: bariamu yenye 56, na kriptoni yenye 36. Jumlisha, unapata 92. Matone hayo mawili yatasukumana kwa nguvu ya kutisha, kama milioni 200 za elektroni-volti. Swali la mwisho: nishati hiyo inatoka wapi? Meitner alikuwa na kanuni za tungamo za viini kichwani. Akakokotoa kwamba viini viwili vipya, ukivipima pamoja, ni vyepesi kuliko kile cha mwanzo kwa kama moja ya tano ya tungamo la protoni. Akaweka kwenye mlinganyo wa Einstein, aliousikia kwa mara ya kwanza kwa Einstein mwenyewe kule Salzburg mwaka 1909. Jibu: milioni 200. Hesabu zilikutana.

Kaboni inapoungua kwenye jiko la mkaa, kila atomi hutoa elektroni-volti chache tu.

Hahn na Strassmann walichapisha kemia yao tarehe 6 Januari 1939 bila jina la Meitner. Katika Ujerumani ya wakati ule kumwandika Myahudi mkimbizi kungewaponza. Meitner na Frisch walichapisha maelezo ya kifizikia tarehe 11 Februari kwenye jarida la Nature, na jina la mpasuko walilolitumia Frisch alilichukua kwa wanabiolojia, wanavyoita seli inapojigawa. Kutomweka Meitner kwenye makala ya Januari naelewa. Nisichoelewa ni kwamba Hahn aliendelea hivyohivyo hata baada ya Wanazi kuanguka, akiueleza ugunduzi kama kazi ya kemia tupu ambayo fizikia isingefika.

Kilichofuata kinatugusa sisi wasema Kiswahili kwa karibu kuliko tunavyodhani. Marekani ilipoamua kutengeneza bomu, sehemu kubwa ya uraniamu yake ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, iliyochimbwa na Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji. Hesabu ya Kungälv ilipita mikononi mwa wachimbaji ambao hawakuambiwa wanachochimba. Meitner naye alialikwa kwenye mradi ule mwaka 1943: kazi nzuri, maabara, wenzake wa zamani, yote aliyoyakosa Stockholm. Alikataa kabisa kujihusisha na bomu. Baada ya Hiroshima, Agosti 1945, waandishi wa habari walimpigia simu huko Uswidi. Habari ilimwumiza, akatoka akatembea peke yake kwa saa kadhaa. Magazeti yakamtungia hadithi kwamba alimkimbia Hitler na siri ya bomu mkobani.

Novemba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba Nobel ya kemia ya 1944 ni ya Hahn peke yake. Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake, fizikia na kemia, na hakuipata. Kumbukumbu za kamati zilipofunguliwa baada ya nusu karne, zilionyesha watu wasioelewa vizuri jinsi kemia na fizikia zilivyofungamana katika kazi ile, na wasioona kwamba aliyetengwa na makala alitengwa na siasa. Urafiki wake na Hahn haukufa. Alimwandikia kwa ukali juu ya wanasayansi waliolitumikia taifa la Wanazi bila hata kupinga kimyakimya, lakini waliendelea kuandikiana hadi uzeeni. Strassmann alimwalika arudi Ujerumani kuongoza idara, alikataa. Alipata nafasi ya profesa wa utafiti Stockholm, na mwaka 1960 akahamia Cambridge, Uingereza, karibu na Frisch. Mwaka 1966 Marekani iliwapa yeye, Hahn na Strassmann tuzo ya Enrico Fermi kwa pamoja.

Alifariki tarehe 27 Oktoba 1968, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90. Hahn alikuwa ametangulia miezi mitatu, ila familia haikumwambia. Mwaka 1997 elementi namba 109 ilipewa rasmi jina la meitneriamu. Na kule Munich, kwenye makumbusho ya sayansi ya Ujerumani, kuna meza ya mbao iliyobeba betri, nyaya na vihesabio vya mnururisho, vifaa vya idara ya fizikia vilivyotumika kwenye ugunduzi ule. Kwa kama miaka 30 kibao chake kilisomeka kwamba ni meza ya kazi ya Otto Hahn. Sasa kimebadilishwa, na majina yako matatu.